Wasomaji wanauliza: Chatboti inajua kweli nani anaanza Jumamosi?

Barua za wiki hii karibu zote ni za mpira wa Marekani, ule wanaouita football, na hasa wa vyuo. Watu wa Lubumbashi wanaufuata kuliko nilivyofikiri, na sababu iko wazi: watoto wetu wako kule, wamekua kule, wengine wanavaa jezi ya chuo. Shida inayorudi kwa kila barua ni ile orodha ya nani wa kwanza, nani wa pili kwa kila nafasi, Wamarekani wanaita depth chart, humu nitasema orodha ya nafasi tu. Watu wanaiuliza chatboti, inajibu mbio, halafu siku ya mechi uwanjani ni watu wengine.

Yaya, jambo. Niko mama wa Katuba. Mutoto ya dada yangu eko ku Marekani tangu mudogo, sasa anacheza mu timu ya chuo, eko mu ile laini ya mbele yenye kulinda kotabeki. Kila wiki familia yote ku WhatsApp banauliza: ataanza ao hataanza? Mutoto mwenyewe hapendi kusema sana. Kijana wangu akaniwekea chatboti mu telefone, nikauliza, ikanipa majina kumi na moja, safi kabisa, na mutoto wetu hakuwa mule. Tulisikitika. Jumamosi tunaangalia mechi, tunamuona eko mu uwanja tangu mupira wa kwanza! Sasa ile mashini inanidanganya juu ya nini? Na nifanye namna gani nijue kweli?

Mama, hongera kwanza. Kuanza mechi kwenye laini ya mbele si jambo dogo, kocha haweki pale mtu asiyemwamini, juu kotabeki, yule anayerusha mpira na kuongoza mashambulizi, akivunjwa msimu wote unaharibika.

Nimeangalia ile picha ya ekrani uliyotuma. Majina 11, kila moja na nafasi yake, namba ya jezi, urefu, kilo, yamepangwa vizuri mpaka mtu anaona aibu kuyauliza. Ila hakuna tarehe popote. Haisemi orodha ni ya wiki gani, haisemi imetoa wapi. Na pale LT, yaani yule wa kushoto kabisa kwenye laini, imeweka mchezaji ambaye ukifungua ukurasa wa timu yenyewe hayupo tena, ameshahamia chuo kingine. Kumbe ulipewa timu ya mwaka jana.

Haikukudanganya kwa makusudi. Chatboti imefundishwa na maandishi mengi sana mpaka tarehe fulani, na ukiuliza inatunga jibu kwa kufuata maneno ambayo kwa kawaida yanafuatana. Sasa fikiria, mchezaji aliyeanza mechi zote 12 za msimu uliopita ameandikwa kila mahali, mtoto wenu aliyepandishwa Jumanne hii ameandikwa labda mstari mmoja kwenye gazeti la mji wao, basi lile jina la zamani ndilo linatoka, na linatoka kwa uhakika ule ule kama vile lingekuwa la leo asubuhi. Ni kama kuuliza kiwango cha dola cha mwaka jana halafu uende nacho kwa kambiste leo.

Na kwa mpira wa vyuo jambo hili limekuwa baya zaidi miaka hii. Zamani mchezaji wa football akihama chuo kikubwa kwenda kingine kwa kawaida alikaa mwaka mzima bila kucheza, kwa hiyo watu hawakuhama ovyo. Oktoba 2018 wakafungua potali ya uhamisho, yaani orodha ya kwenye kompyuta ambapo mchezaji anayetaka kuhama anaandikisha jina, 2021 wakaruhusu mtu kuhama mara moja na kucheza papo hapo, 2024 wakaachia kabisa, mradi masomo yako sawa unaweza kuhama tena na tena. Chukua mtoto wa hapa hapa, Oscar Tshiebwe wa basketi, mzaliwa wa Lubumbashi: alianza West Virginia, 2021 akaenda Kentucky, na 2022 akatajwa mchezaji bora wa vyuo Marekani nzima. Mashine iliyosoma maandishi ya 2020 peke yake ingekuapia yuko West Virginia. Kwenye football ni hivyo hivyo, ila kikosi kimoja kina watu zaidi ya mia.

Kuna chatboti zinazoweza kutafuta kwenye intaneti kabla ya kujibu, hizo ni afadhali, lakini angalia zinasoma nini. Kurasa nyingi zenye orodha ya nafasi ni utabiri wa waandishi wa mwezi wa 7 na wa 8 kabla msimu haujaanza, mwandishi anakisia tu, na chatboti inaweza kukuletea ule utabiri kama uamuzi wa kocha. Orodha yenyewe ya timu kwa kawaida inakaa ndani ya PDF ya maandalizi ya mechi, timu nyingi zinaitoa Jumatatu au Jumanne, na ndani yake ni jedwali la safu nyembamba nyembamba, mashine ikisoma vibaya inachanganya mistari, wa pili anakuwa wa kwanza, wa kushoto anaenda kulia. Halafu kuna neno dogo OR katikati ya majina mawili. Maana yake kocha hajaamua, au hataki kusema, yeyote kati ya hao wawili anaweza kuanza. Chatboti mara nyingi inalimeza lile neno na kukupa jina moja. Mama, kama jina la mtoto wenu liko baada ya OR, msilie ku WhatsApp, yuko bega kwa bega na mwenzake.

Na wako makocha ambao hawatoi orodha kabisa, na hakuna sheria inayowalazimisha. Hapo hakuna mashine wala mtu wa nje anayejua, na chatboti ikikupa majina 11 ya timu ambayo haijatangaza kitu, yametungwa au ni ya zamani.

Sasa namna ya kufanya. Usianze na chatboti, anza na ukurasa wa timu wenyewe, pale penye neno roster, yaani orodha ya wachezaji wote, uone kama mtoto yuko, namba gani, mwaka wa ngapi. Halafu omba binamu mmoja aliye kule afungue ile PDF na kukukatia picha ya ukurasa wa orodha tu, akutumie ku WhatsApp, juu PDF nzima inaweza kuwa na kurasa nyingi sana za takwimu zitakazokula mega zako bure. Ile picha ndiyo unampa chatboti, na umwandikie hivi: «Hii ni orodha ya nafasi ya wiki hii. Soma hii tu, usiongeze jina kutoka mahali pengine. Nani wa kwanza na nani wa pili kwa LT, LG, C, RG na RT? Pakiwa na OR uniambie. Kama jina halisomeki, sema halisomeki.» Kwa kazi hiyo inasaidia vizuri sana, na inakujibu kwa Kiswahili au Kifaransa. Uifuatishe na picha kwa macho yako, ni mistari mitano tu, zile nafasi tano za laini kutoka kushoto mpaka kulia.

Jambo la jina pia. Kwetu tunaandika jina, postnom, prenom mwisho. Kule prenom inatangulia, na kwenye karatasi za safari mara nyingine postnom ndiyo iligeuka jina la familia. Kwa hiyo mtoto mnayemtafuta kwa jina la babu anaweza kuwa ameandikwa kwa jina lingine kabisa, na chatboti ikakuambia hayupo kwenye timu. Na usimtafute kwa namba ya jezi peke yake: kwenye vyuo wachezaji wawili wanaruhusiwa kuwa na namba moja, mmoja wa kushambulia mmoja wa kuzuia, mradi wasiingie uwanjani pamoja. Timu zenyewe pia zinafanana majina, kuna Miami ya Florida na Miami ya Ohio, na LSU, Auburn, Clemson, Missouri na Memphis wote wanajiita Tigers. Uandike jina kamili la chuo na jimbo.

Mukubwa, niko mwanafunzi, Kampemba. Na barafiki tunapari mechi za vyuo vya Marekani. Chatboti iliniambia kotabeki wa kwanza wa timu fulani ameumia bega, ataanza wa pili. Nikaweka pesa, kumbe yule kotabeki akacheza mpaka mwisho. Chatboti gani njo inajua majeruhi kweli?

Hakuna, mdogo wangu, na nakuomba usiendelee kuitafuta.

Ligi ya kulipwa, NFL, inalazimisha kila timu kutangaza majeruhi wiki nzima. Vyuo havina sheria moja kama hiyo kwa wote. Vyuo vimegawanyika kwa konferensi, yaani makundi ya vyuo vinavyocheza pamoja, na Big Ten na SEC ni mbili kati yake. Big Ten walianza 2023 kutoa ripoti ya nani yuko tayari, inatoka saa mbili kabla ya mechi. SEC wakafuata 2024, wao wanaanza Jumatano kwa mechi za Jumamosi zile za ndani ya konferensi yao, na wanairekebisha mpaka karibu na kuanza. Sasa weka kwenye saa yetu: mechi ya saa sita mchana ya New York, Septemba na Oktoba, hapa Lubumbashi ni saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo ripoti ya Big Ten inatoka kama saa kumi. Kule wakirudisha saa nyuma mwanzoni mwa Novemba, kila kitu kinasogea saa moja mbele kwetu. Wewe uliuliza lini? Kama ni Alhamisi au Ijumaa, na timu ni ya Big Ten, ile habari ya bega ilikuwa haijatoka kwenye ripoti rasmi. Inawezekana kabisa bega lilikuwa la msimu uliopita, mashine ikakuta habari ya zamani isiyo na tarehe ikaileta kama ya wiki hii.

Na hata ukisoma ripoti yenyewe dakika inapotoka, wale wanaopanga bei za pari wanaisoma dakika ile ile, na bei imeshabadilika kabla telefone yako haijafungua ukurasa. Ile pesa ni ya masomo, iache kwa masomo.

Kuna jambo lingine ambalo nataka mama wa Katuba pia alisome. Sheria za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo kule, zinamkataza mchezaji kutoa habari za ndani kwa watu wanaopari. Mtoto akimwambia shangazi yake «tantine, goti linaniuma, wiki hii sitacheza», shangazi akaweka ku grupu ya familia, mtu mmoja wa grupu akaipeleka ku grupu ya pari, yule mtoto anaweza kujikuta anaulizwa maswali mazito na kupoteza nafasi aliyoitafuta maisha yake yote. Mtoto akinyamaza msimkasirikie, anajilinda. Na akisema, neno libaki ndani ya nyumba, wala msiliandike ndani ya chatboti.

Niko na miaka 18, kutoka Kenya, mutaa wa Kenya hapa Lubumbashi. Niko na metre 1,95 na kilo 118. Nataka burse ya football ku Marekani. Rafiki ananiambia niulize chatboti timu gani iko na nafasi wazi mu laini, halafu niandikie kocha. Ni njia ya kweli?

Nusu ni ya kweli, na mwili unao, sitaki kukukatisha tamaa hata kidogo.

Wazo la rafiki yako lina akili: ukiangalia orodha ya nafasi ukaona wa kwanza na wa pili wote wako mwaka wa mwisho, pale patakuwa wazi. Chatboti ukiipa roster ya timu yenye mwaka wa kila mchezaji inaweza kukuchambulia hilo haraka. Lakini siku hizi kocha akiona pengo anatazama kwanza potali, anachukua mtu ambaye tayari ameshacheza misimu miwili chuo kingine. Tena tangu 2025, kwa vyuo vilivyokubali mpango mpya wa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kikosi cha football kina kikomo cha watu 105, na wengi walikuwa na zaidi ya hapo, kwa hiyo zile nafasi za kujaribu bahati bila burse zimepungua. Usiangalie vile vyuo vikubwa vya televisheni tu. Kuna Division 2, daraja la pili la NCAA, kuna NAIA, chama kingine cha vyuo vidogo, kuna vyuo vya miaka miwili, huko orodha zao chatboti inazijua hata kidogo zaidi, itabidi ufungue ukurasa wa kila timu mwenyewe.

Pale ambapo chatboti itakusaidia kweli ni kwenye sheria, juu sheria zimeandikwa sana na hazibadiliki kila Jumanne kama orodha. Muulize akueleze Eligibility Center ya NCAA, ile ofisi inayoamua nani anaruhusiwa kucheza, inataka nini, diploma yako ya Etat inatafsiriwa namna gani, mtihani wa Kiingereza upi. Muulize hasa juu ya muda: Division 1, daraja la juu, imezoea kutoa miaka 5 ya kucheza misimu 4, na saa inaanza kuhesabu siku unapojiandikisha mwanafunzi wa muda wote chuoni, hata kama chuo chenyewe ni UNILU. Vijana wengi wanaingia kwanza hapa wakisubiri bahati, bila kujua miaka inaondoka. Jibu utakalopata, nenda ulihakikishe kwenye ukurasa wa NCAA wenyewe kabla hujaamua kitu, juu kanuni hizi za muda wanazijadili sana siku hizi.

Na mtu akikuambia yeye ni manajeri, ana orodha ya siri ya nafasi wazi, umlipe dola kwanza, usimlipe. Nafasi za timu zinaonekana bure. Kocha anayekutaka ataomba video yako.

Umewahi kusikia Tshimanga Biakabutuka? Mzaliwa wa Kinshasa, alikulia upande wa Montreal, na mwaka 1995 akiwa Michigan alikimbia yadi 313 kwenye mechi moja dhidi ya Ohio State, 1996 Carolina Panthers wakamchukua wa 8 kwenye draft nzima, pale timu za NFL zinapochagua wachezaji wapya. Mtoto wa Kongo ameshapita njia hiyo. Yeye alikua kwenye mchezo tangu shule huko Canada, wewe utaanza nyuma, kwa hiyo tafuta kwanza mahali pa kujifunza kusimama na kusukuma, hata kama ni na wachezaji wa raga, urekodiwe video nzuri ya dakika chache, ndipo uandike kwa makocha.

Yaya, na TP Mazembe? Nikiuliza chatboti kikosi cha leo inanipa Kidiaba golini!

Ndiyo, itakupa Kidiaba, kipa wetu wa zamani, juu 2010 imeandikwa dunia nzima. Kombe la Afrika la vilabu la 2009 na 2010, kumpiga Internacional ya Brazili 2-0 kule Abu Dhabi kwenye Kombe la Dunia la vilabu, fainali na Inter ya Italia, 3-0 tukafungwa lakini tulifika, kisha kombe lingine la Afrika 2015, hayo yote itakusimulia vizuri na mara nyingi bila kosa. Kikosi cha Jumapili hii ni habari nyingine. Waandishi wanaoandika kila siku juu ya Linafoot, ligi yetu ya Kongo, ni wachache sana ukilinganisha na wanaoandika juu ya chuo kimoja tu cha Alabama, kwa hiyo mashine haina cha kusoma, inarudi kule kwenye majina makubwa. Subiri klabu yenyewe itoe kikosi kwenye kurasa zake siku ya mechi, au kama unakaa Kamalondo, toka nje uende stade.